Profesa wa Shingo Upande

Ugonjwa wa kideri ulipovuka mpaka mwaka ule, haukusimama forodhani. Ulipita Busia mchana kweupe, umekaa ndani ya tenga juu ya baiskeli, kama magendo mengine yote ya miaka hiyo ya sabini, sabuni na chumvi zikienda Uganda kwa njia za panya na kahawa ikirudi kwa njia hizohizo. Kuku walianza kwa kusinzia. Kisha wakaharisha kijani, wakazungusha vichwa kama watu wanaotafuta shilingi iliyoanguka, wakafa. Soko zima lilinuka manyoya na huzuni.

Watu walilia. Dalmas Ogola alinusa upepo, akatabasamu.

Alichotaka Dalmas maishani hakikuwa kikubwa. Alitaka kiti. Kila kazi aliyowahi kuifanya ilimwishia kwa mbio. Aliuza pete za dhahabu zilizogeuka kijani kabla bibi harusi hajamaliza kukata keki, akakimbia. Aliuza tiketi za mechi ambayo ilikuwa imeshachezwa, akakimbia sana. Aliosha chupa katika ofisi moja ya mifugo mpaka chupa zenyewe zikaanza kupungua, na hapo pia alitoka kwa dirisha. Sasa magoti yalikuwa yameanza kumwambia ukweli. Kule Malaba, karibu na foleni ya malori, alikuwa ameona kibanda cha mabati, na ndani ya kibanda kiti cha mbao chenye mikono. Kilikuwa cha mzee mmoja mwenye hoteli, aliyechoka kuwasikia madereva wakidai kuku naye hana hata bawa.

"Niletee kuku wazima wa kujaza matenga mawili," mzee yule alikuwa amemwambia, "kibanda ni chako, na kiti ndani yake. Lakini wazima, Dalmas. Nakujua."

Basi siku hiyo Busia, Dalmas akiwa bado anafikiria kiti chake, akaja Phelister, mama muuza dagaa wa omena, amebeba jogoo kwa miguu kama mtu anayebeba aibu.

"Chukua huyu, bwana. Kuku wangu wengi wameisha, na huyu amekataa kufa na amekataa kupona. Tazama hiyo shingo! Nikimwangalia nasikia kizunguzungu."

Kweli shingo ya jogoo ilikuwa imepinda, jicho moja likitazama mbingu na jingine likitazama mavi. Lakini macho yenyewe yalikuwa makali, na manyoya yaling'aa. Dalmas akakumbuka jambo moja alilolisikia kule ofisini alipokuwa anaosha chupa: kuku aliyeugua kideri akapona, kideri hakimrudii tena. Na wengi wa hao wanaopona hubaki na shingo ya namna hii, kama muhuri.

Alimpokea jogoo kwa mikono miwili, kama padri anavyopokea sadaka.

"Pole, mama. Na hao wachache waliobaki, usiogope. Nitakuletea dawa."

*

Mshirika wake aliitwa Olinga. Alikuwa na baiskeli ya kuvusha abiria mpakani, na alikuwa na uso wa mtu asiyeweza kudanganya, uso ambao Dalmas aliuthamini kuliko baiskeli. Walichemsha dawa nyuma ya chumba cha Olinga, ndani ya debe la mafuta ya kupikia: shubiri, majani ya mwarobaini, pilipili kichaa, na bluu ya kufulia nguo ili iwe na rangi ya hospitali.

"Inaponya?" Olinga aliuliza.

"Itatuponya sisi."

"Basi punguza shubiri, bwana. Mimi nilinyweshwa hiyo kitu nikiwa mtoto. Nilizunguka nyuma ya nyumba mpaka nikachora barabara."

"Olinga, dawa tamu nani ataiamini? Watu wa huku hata mahubiri wanayataka machungu." Akaongeza shubiri nyingine.

Shubiri yenyewe tusiidharau. Akina mama wa pande hizo wamekuwa wakiiloweka kwenye maji ya kuku tangu zamani. Kuna kuku waliopona, kuna waliokufa, na waliokufa hawakuwahi kwenda kwa chifu kushtaki. Huenda siku moja wasomi wataichemsha kwenye vioo vyao watuambie kilichomo. Dalmas hakuwa na haja ya kilichomo. Aliitia mpaka hata nzi wakakaa mbali.

Jogoo alipewa jina, Profesa, na kitambaa chekundu kikafungwa kama tai pale shingo ilipopindia. Dalmas akavaa koti jeupe lililowahi kuwa la muuza nyama, upande wenye doa akauficha kwa kuegemeza mkono kiunoni, wakaingia sokoni.

"Wananchi!" akapaza sauti. "Mnamwona huyu? Ameishi na kideri, amelala na kideri, amekula sahani moja na kideri! Nani ana kuku anayekufa?"

Wote walikuwa nao. Profesa akatiwa kwenye tenga moja na kuku mgonjwa aliyekuwa akitokwa na kamasi. Siku ya soko iliyofuata, kuku yule alikuwa ameshakufa na kusahaulika, Profesa anawika.

"Mbona shingo yake imeenda upande?" mtu mmoja akauliza.

"Anafikiri," Dalmas akamjibu. "Wewe ukifikiri, shingo inabaki wima?"

Na dawa yake, akasema, hainunuliwi kwa pesa. Pesa ni uchafu. Chupa moja, kuku mmoja mzima. Watu waliguswa sana na daktari asiyependa pesa. Phelister mwenyewe, alipomwona jogoo wake aliyekataa kupona sasa anawika, alitoa mtetea wake wa mwisho mwenye afya ili apate dawa ya kuwanywesha wale wagonjwa, naye Olinga, kwa uso wake ule, akiapa pembeni kwamba kwao kuku wote walipona, hata bata.

Wagonjwa wa Phelister walikufa wote. Lakini wakati huo Daktari alikuwa ameshahamia soko jingine.

*

Hata hivyo kuku wa mmojammoja hawajazi tenga haraka, na wengine waliwala njiani, kwani udaktari unatia njaa. Ndipo Olinga akaja na habari.

"Chakol kuna mama anaitwa Petronilla Akiror. Mjane. Tangu kideri kianze anazunguka na baiskeli za watu, ananunua kuku kwa wenye hofu, bei ya mchicha. Boma lake limejaa mpaka kuku wanalala wamesimama. Anasema akipata dawa, kuku wa wengine wakiisha, yeye peke yake ndiye atauza."

Dalmas akafumba macho. Mtu mwenye hofu ni samaki, lakini mtu mwenye tamaa ni samaki aliyejikaanga.

"Tayarisha matenga mawili," akasema. "Na debe lote la dawa."

Petronilla aliwapokea vizuri mno, na hilo peke yake lingemtosha mtu mwerevu kugeuza baiskeli. Alikuwa mama mnene wa sauti ndogo. Pande hizo bado kulikuwa na wazee walioshikilia kwamba mwanamke hali kuku: afuge, apike, kisha firigisi na paja ziende kwa wanaume. Petronilla hakuwahi kubishana nao. Alinenepa tu kimyakimya, na mifupa hakuna aliyewahi kuiona.

"Yoga, Daktari! Hujambo? Karibu. Na huyu ndiye Profesa? Jamani, tai yake!" Akamtazama jogoo, akaitazama ile shingo, akaitazama tena. "Anafikiri sana."

"Sana, mama."

"Nimesikia hutaki pesa."

"Nataka kuku tu, wa kujaza haya matenga mawili. Nitakuachia debe zima, na jinsi ya kuipika nitakufundisha. Wewe utakuwa na kuku, wengine watakuwa na manyoya."

"Ah, Daktari, unaniua na furaha. Matenga mawili ni haki yako. Utachagua mwenyewe." Akageuka kuelekea kivulini, walikokuwa wameketi wazee kuzunguka chungu cha pombe ya ajon, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni. "Lakini unajua mila zetu. Hapa kwetu, anayekuletea kitu cha kumeza huonja yeye kwanza. Hata mimi pombe hii nimeivuta mbele yao kabla hawajaigusa. Si ati nakushuku, hapana! Ni mila tu. Si ndiyo, shemeji?"

Mzee Etyang, ndugu wa marehemu mume wake, akatoa mrija mdomoni. "Asiyeonja ana sababu," akasema, akaurudisha.

Dalmas alicheka. Kuonja? Aliwahi kumeza pete ya dhahabu bandia ili isishikwe na askari. Akachovya kidole kwenye debe, akakiramba, akalamba na midomo. "Tamu kama maziwa ya mama."

"Hiyo ni ya kuku mmoja," Petronilla akasema kwa upole. "Kuku wangu ni wengi." Akamkabidhi kibuyu kilichojaa dawa ileile.

Wazee wote walitoa mirija midomoni. Ukiona mzee wa Chakol ametoa mrija bila kuombwa, jua jambo limekuwa zito.

Dalmas akamtazama Olinga. Olinga akatazama baiskeli yake, akaanza kufuta mnyororo uliokuwa safi. Dalmas akafikiria kiti, chenye mikono miwili. Akainua kibuyu, akanywa mpaka mwisho.

"Sasa hiyo ni dawa!" Mzee Etyang akasema kwa heshima ya kweli. "Machozi yanamtoka."

"Njoo basi uchague kuku," Petronilla akasema.

Lakini kwanza alitaka kufundishwa kupika, tena polepole, maana yeye, alisema, ni mama wa kijijini na kichwa chake ni kigumu. Shubiri kiasi gani? Inakatwa hivi au hivi? Bluu ni ya nini? Inatiwa ikiwa baridi au moto? Na Profesa alianza kunyweshwa akiwa mkubwa kiasi gani? Dalmas alijibu. Katikati ya jibu, kitu ndani ya tumbo lake kikaamka, kikajinyoosha, kikauliza mlango uko wapi.

"Mama," akasema, "choo..."

"Nyuma ya migomba. Nipe Profesa nikushikie, usimwangushe."

Alimpa. Alikwenda. Alirudi akiwa mwembamba kidogo. Akafika nusu ya uwanja, akageuka, akaenda tena, safari hii bila kuaga. Wazee waliinua mirija kumpisha.

"Daktari wa kweli," mmoja akasema. "Dawa inamjua mwenyewe."

Aliporudi mara ya tatu, koti jeupe limekuwa zito na uso umekuwa mweupe kuliko koti, alimkuta Petronilla amekaa, Profesa amelala mapajani mwake kama mtoto wa dada.

"Daktari, kuna neno dogo. Shemeji anasema dawa ni ngeni, na mgeni huacha dhamana. Profesa abaki hapa mpaka kuku wangu wapone. Si ndiyo, shemeji?"

"Mkopeshaji wa mbegu huacha jembe," akasema Mzee Etyang. Methali hiyo hakuna aliyewahi kuisikia kabla ya siku ile.

Siku nyingine yoyote Dalmas angebishana mpaka jua lichoke. Profesa alikuwa ndiye shahidi wake na cheti chake. Lakini kile kitu tumboni kilikuwa kinabisha hodi tena, naye aliona mbele yake vitu viwili tu, matenga mawili na migomba.

"Abaki," akasema kwa meno yaliyofungana. "Olinga! Kuku!"

"Chagua mwenyewe, Daktari," Petronilla akasema. "Nisije nikaambiwa nimekupa wabaya."

Alichagua akiwa amekunja miguu, kwa kidole, kama mtu anayehesabu wezi wake: huyu mnene, yule mwenye kilemba, wale wote wa pale. Walikuwa wamesimama wima, macho yao mazuri. Ukweli kwamba walikuwa wamekunywa kwenye birika moja na wengine waliosinzia kule pembeni, Dalmas angeuona siku nyingine. Siku hiyo hakuona kitu zaidi ya migomba.

"Mwende salama," Petronilla akawapungia mkono kwa bawa la Profesa.

*

Kufika Malaba kuliwachukua muda mrefu kuliko ilivyostahili, kwa sababu barabara ina vichaka vingi na Dalmas hakukiruka hata kimoja. Walilala kwa mtu njiani. Asubuhi kuku mmoja alikuwa anasinzia.

"Amechoka na safari," Dalmas akasema.

"Hata wale?" Olinga akauliza.

Walipofika kwa mzee mwenye hoteli, tenga la kwanza lilikuwa limelala lote, na la pili lilikuwa linatafuta shilingi iliyoanguka, kichwa huku, kichwa kule. Mzee akafungua mfuniko. Akaufunga.

"Dalmas, nilisema wazima."

"Wanaumwa kidogo tu, mzee."

"Si nasikia wewe siku hizi ni daktari? Una dawa. Watibu."

Madereva wa malori walicheka mpaka mmoja akapiga honi. Dalmas akamgeukia Olinga, lakini kwa mara ya kwanza ule uso usioweza kudanganya ulikuwa unasema kweli: Olinga alikuwa ameshafungua matenga kutoka kwenye baiskeli, akayaweka chini taratibu.

"Bwana," akasema, "kuna abiria wananingoja mpakani." Akakanyaga pedali, akaenda.

Kuku walikwisha wote. Dalmas aliwazika nyuma ya hoteli, koti jeupe akalifanya sanda yao. Kisha akakaa chini, kwenye udongo, akifikiri. Matenga yalikuwa tupu, lakini palikuwa bado na Profesa. Mwenye Profesa anaweza kuanza upya, Tororo, Bungoma, popote penye kuku na wajinga. Alichohitaji ni nguvu ya kutembea hadi Chakol, na nguvu hiyo tumbo halikumrudishia haraka.

Alipopata nafuu akaenda. Akakuta boma la Petronilla limefagiwa, hakuna hata unyoya.

"Mama Petronilla?" Mzee Etyang akatoa mrija. "Alihama. Kuku wale wa kununua walikufa wote, maskini. Ila wake wa tangu zamani walikuwa kwa dada yake kule Kocholia, hao hawakuguswa. Amewapeleka Malaba. Ati kuna mzee wa hoteli alikuwa anawatafuta sana."

Dalmas akageuka, akarudi njia ile yote.

Ilikuwa siku ya soko Malaba, na mbele ya kibanda cha mabati watu walikuwa wamejaa. Alisikia sauti ndogo kabla ya kumwona mwenyewe.

"Kuna tapeli alipita huku na koti la bucha akiwauzia maji ya bluu. Hiyo haikuwa dawa, wapenzi wangu. Dawa yenyewe ni hii. Daktari mkubwa aliinywa mbele ya wazee wa Chakol, kibuyu kizima, na hakufa! Waulizeni. Chupa moja, kuku mmoja. Pesa sitaki, pesa ni uchafu."

Dalmas akapenya. Petronilla Akiror alikuwa amekaa ndani ya kile kiti. Mikono yake minene ilikuwa imepumzika juu ya mikono ya kiti, nayo ilitoshana vizuri kabisa. Mapajani, Profesa, na tai mpya.

"Huyo jogoo..." Dalmas alianza. Mbele yake aliyegeuka kumtazama alikuwa Phelister wa omena, na nyuma ya Phelister watu wengine wa Busia ambao nyuso zao alizikumbuka vizuri kuliko alivyopenda.

"Ngoja," Phelister akasema. "Wewe si ndiye yule Daktari? Uliyenimalizia kuku?"

"Mimi? Hapana, mama. Si mimi."

"Aa, lakini sauti ni hiyohiyo!" mtu mmoja akasema. "Wewe ndiye mwenye huyu jogoo!"

"Simjui huyo jogoo."

Petronilla akamwangalia kwa upendo mkubwa. Akachukua kibuyu kando ya kiti, kile kile, kimejaa, akamnyooshea mbele ya watu wote.

"Mnamwonea bure huyu mzee," akasema. "Kama dawa ni yake, mila ni rahisi, mwenye dawa huonja kwanza. Aonje, tujue. Baba, hii dawa unaijua?"

Harufu ya shubiri ikampanda puani. Tumbo lake, lililokuwa limesamehe mengi, likasimama wima kama askari.

"Mama," Dalmas akasema, anarudi nyuma, "mimi hata hiyo dawa siijui!"

Na papo hapo Profesa akanyoosha shingo yake kadiri ilivyoweza kunyooka, akawika.

Wakatoliki waliokuwa karibu, waliohesabu kwamba amekana mara tatu, walitazamana. Phelister akainama polepole, akavua kiatu.

Dalmas alikimbia. Alikimbia kupita malori, kupita forodha, magoti yakilia kila hatua, wingu la vumbi nyuma yake na viatu vya wanawake wa Busia hewani. Na askari wa mpakani, waliozoea kuwasimamisha watu wenye mizigo, walimwacha apite, maana mikono yake ilikuwa mitupu kabisa.

Petronilla alimfuata kwa macho mpaka akavuka. Kisha akajisogeza vizuri kwenye kiti, akamnyoosha Profesa tai.

"Anayefuata," akasema.